Kwa Idi, kuhusu kipimio chake cha baruti

Ndugu yangu Idi,

Salamu nyingi. Barua yako imefika, na karatasi ya vipimo uliyoitia ndani ya bahasha nimeisoma zaidi ya mara moja. Unasema kipimio chako, kile chombo cha kumiminia baruti kwenye maganda ya risasi, kimeanza kulegea: vipimo vitano vya kwanza vilipishana kwa uzito wa greni 0.2 tu, lakini ulipoendelea hadi 30, kati ya kizito kabisa na chepesi kabisa pakawa na greni 0.3. Ukakaza skrubu, ukarudia, mambo yakawa yale yale, na sasa unatafuta mtu wa kumuuzia. Subiri kwanza.

Upana huo umeongezeka kwa sababu umepima zaidi, basi. Mvuvi akikaa baharini kutwa, samaki wake mkubwa kabisa atampita wa yule aliyekaa saa moja, na bahari ni ile ile. Wanahesabu wameshalikokotoa jambo hili. Vipimo vikitawanyika kwa namna ya kawaida kuzunguka wastani wake, basi ukichukua vitano, umbali kati ya kikubwa na kidogo kwa wastani huwa mara 2.3 ya mkengeuko sanifu, yaani kiasi ambacho vipimo kwa kawaida huachana na wastani wake. Ukichukua kumi, ni mara 3.1. Ukichukua 30, ni mara 4.1. Sasa tuseme kipimio chako kina mkengeuko wa greni 0.08. Vitano vitakupa upana wa kama 0.19, na 30 vitakupa 0.33. Tazama karatasi yako tena.

Ndiyo maana huwa siwasikilizi wanaojisifu kwamba vipimio vyao havipishani hata greni 0.1, wasipotaja walipima mara ngapi. Ukitaka kulinganisha vyombo viwili, au baruti mbili ndani ya chombo kimoja, kokotoa mkengeuko sanifu, na idadi iwe sawa pande zote. Vitano havitoshi hata kwa hilo: mkengeuko uliotokana na vitano unaweza kukosea kwa theluthi nzima bila mtu kuwa na kosa lolote. Ukifika 30 kosa hilo hushuka hadi kama asilimia 13, nami naona hapo ndipo mtu anaweza kuanza kusema kitu.

Halafu kuna mizani, ambayo katika barua yako hukuitaja hata kidogo. Greni moja ni miligramu 64.8, na ratili moja ina greni 7,000. Mizani nyingi za betri tunazotumia kwa kazi hii husoma kwa hatua za 0.1, na watengenezaji wenyewe huahidi usahihi wa kujumlisha au kutoa 0.1. Sasa unapima kitu kinachopishana kwa 0.3 kwa kutumia kitu kinachoweza kusema uongo wa 0.1 kila upande! Fanya hivi kabla ya jingine lolote: iwashe mizani iache ipate joto nusu saa, zima feni, funga dirisha, simu weka mbali. Weka jiwe la mizani lenye uzito unaokaribia kipimo chako, soma, liondoe, acha irudi kwenye sifuri, liweke tena. Rudia mara ishirini, uandike kila usomaji. Jiwe halibadiliki, kwa hiyo kila tofauti unayoiona ni ya mizani.

Ukishapata mkengeuko wa mizani, unaweza kuutoa kwenye ule wa jumla, ila si kwa kutoa moja kwa moja. Zidisha kila mmoja kwa wenyewe, toa, kisha tafuta kipeuo cha pili cha kinachobaki. Jumla ikiwa 0.08 na mizani 0.05, kipimio chenyewe kinabaki na 0.06. Si kibaya hata kidogo kwa chombo kinachopima kwa ujazo.

Tahadhari nyingine juu ya mizani hizi: nyingi hujirudisha zenyewe kwenye sifuri zikiona badiliko dogo mno, zikidhani ni kuyumba kwake. Ukidondosha punje mojamoja kwenye sahani iliyokwisha tulia, huenda isizihesabu. Inua sahani, irudishe, ndipo usome. Mizani ya mkono wenye meno haina tabia hiyo, ingawa inachosha macho.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kubwa. Umeandika vipimo vyako kuanzia kidogo hadi kikubwa. Inapendeza kwa macho, lakini umefuta habari yenye thamani kuliko zote, nayo ni mpangilio wa jinsi vilivyotoka. Vipimo 30 vinavyoruka juu na chini bila utaratibu ni afya ya kawaida. Vipimo vile vile 30, vikiwa vinapanda polepole kutoka cha kwanza hadi cha mwisho, ni chombo chenye ugonjwa, ijapokuwa wastani na mkengeuko vinafanana kabisa. Skrubu inayolegea ingejionyesha hapo. Chukua wastani wa kumi vya mwanzo na wastani wa kumi vya mwisho. Kwa mkengeuko kama wako, tofauti ya 0.03 haina maana yoyote; ikifika 0.1, kuna kitu kinachosogea.

Mara nyingi kinachosogea ni baruti yenyewe, na skrubu inasingiziwa. Tangi la baruti lililo juu ya kipimio likijazwa sasa hivi, baruti bado imekaa kwa ulegevu. Kila unapovuta wenzo mtikiso huishindilia, na ujazo ule ule hubeba uzito mkubwa zaidi. Ndiyo sababu watu humimina vipimo kumi vya mwanzo na kuvirudisha tangini bila kuvihesabu. Tangi likikaribia kuisha, shinikizo la juu hupungua na vipimo huanza kuyumba. Lile bamba dogo lenye matundu lililokuja na kipimio, ambalo wengi hudhani ni la mapambo, limewekwa kupunguza hali hiyo. Liweke, na usiache tangi lishuke chini ya nusu.

Kisha mkono. Vuta wenzo kwa kasi ile ile, uugonge mwishoni kwa nguvu ile ile, juu na chini, kila mara. Hukuniambia kama ulikuwa unasimama katikati kuandika. Kama ndivyo, kuna vipimo vilivyokaa kwenye kitundu cha ngoma, ile inayozungushwa na wenzo, kwa muda mrefu kuliko vingine vikishindiliwa, na tofauti hiyo itaonekana. Afadhali mtu mwingine aandike.

Aina ya baruti nayo ina neno lake. Punje za mviringo hutiririka karibu kama maji, na kipimio cha kawaida kinaziweza vizuri. Za vijiti virefu hukwama, hukatwa na ukingo wa ngoma (utausikia mkwaruzo), na wakati mwingine hujenga daraja kwenye mrija kisha zikaanguka zote kwa pamoja. Hapo ganda moja hupungukiwa na linalofuata huzidishiwa. Ukipata kipimo chepesi kupita kiasi, tazama kinachokifuata. Kikiwa kizito kwa kiasi kile kile, hilo ni daraja, na kukaza skrubu hakutalivunja. Kwa baruti ya namna hiyo ninamimina chini kidogo ya kiasi ninachokitaka na kumalizia kwa mkono juu ya mizani.

Je, 0.3 ni nyingi? Inategemea unaijazia nini. Kwa bunduki inayokula greni 40 ni chini ya asilimia moja, na ganda, fataki (ile inayowasha baruti) na jinsi shingo ilivyoshika kichwa cha risasi vinaweza kuleta tofauti kubwa kuliko hiyo. Kwa bastola inayokula greni 4 ni asilimia saba na nusu, na hapo sikubali. Kwa vyovyote vile, usiuweke wastani wako kwenye kiwango cha juu kabisa kilichoandikwa katika kitabu cha mtengenezaji wa baruti. Ukiuweka hapo, nusu ya vipimo vyako vitakuwa vimevuka mpaka.

Tena usijaribu kwa baruti ya aina nyingine kwa kuwa ni rahisi au ni ya zamani. Matokeo yake hayatakuhusu. Mezani iwe kopo moja tu, na ukimaliza, mimina yote irudi kwenye kopo lake, usiiache ilale tangini. Ukifika kujaza maganda ya bastola, ambayo mengi hayafiki nusu kwa kipimo kimoja, mulika kila moja kwa tochi kabla ya kuweka kichwa. Kipimio kizuri kuliko vyote hakitakuzuia kumimina mara mbili kwenye ganda moja.

Basi rudia jaribio: mizani kwanza kwa jiwe, kisha vipimo 30 kwa mfululizo, vimeandikwa kama vilivyotoka. Nitumie karatasi zote mbili. Nikiona vinapanda, tutafungua ngoma pamoja utakapokuja. Nikiona vinarukaruka tu, na bado unataka kukiuza, mnunuzi umeshampata.

Wasalimie wote nyumbani.

Rafiki yako,
Salim