Tamthilia zetu zipate milio ya kwetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wasikilizaji wa tamthilia za redio wamelivumilia kwa muda mrefu: milio ya kuigiza mandhari isiyo ya kwetu. Hivi karibuni, katika igizo lililorushwa na kituo kimoja cha redio, mhusika aliyedaiwa kuwa mwaloni, yaani kwenye gati la wavuvi wa ziwa, alfajiri alizungukwa na mawimbi ya bahari kuu, kisha akapitiwa na king'ora cha polisi ambacho hakijapata kusikika Mwanza. Yeyote aliyewahi kukanyaga Mwaloni wa Kirumba saa hizo anajua kwamba kinachosikika ni injini za mitumbwi zikizimwa moja baada ya nyingine, magurudumu ya matoroli, na wapagazi wakidai njia.

Siwalaumu sana watayarishaji. Mwenye bajeti ndogo huchukua kilichopo, na milio mingi inayopatikana bure mtandaoni imerekodiwa Ulaya na Marekani. Hazina ya Freesound, iliyoanzishwa mwaka 2005 katika Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra mjini Barcelona, hupokea milio kutoka kwa mtu yeyote, lakini ya huku kwetu ni ya kutafuta kwa tochi. BBC nayo ilifungua milio yake zaidi ya 16,000 mwaka 2018, ila kwa matumizi binafsi, ya elimu na ya utafiti, kwa hiyo anayeuza filamu yake haruhusiwi kuichota bure.

Dawa yake ni kurekodi wenyewe, tukianza na vitu vya nyumbani. Kazi hii huko Hollywood imebeba jina la Jack Foley, aliyeifanya katika studio za Universal filamu zilipoanza kuwa na sauti, na warithi wake wamezoea kugonganisha vifuu vya nazi kupata kwato za farasi na kuvunja mabua ya mboga mabichi kupata mfupa unaovunjika. Dagaa wakavu wakimiminwa polepole juu ya bati hutoa mlio wa matone ya kwanza ya mvua, na hakuna studio inayohitajika: zima feni, tandika blanketi chini ya simu, rudia mlio mara kadhaa kwa nguvu tofauti, na uache sekunde chache za ukimya mwanzoni na mwishoni. Ziwani, ambako upepo huharibu kila kitu, soksi nyepesi juu ya maikrofoni husaidia kuliko watu wanavyodhani. Faili liwe la WAV, yaani la sauti isiyobanwa, sampuli 48,000 kwa sekunde kama video zinavyotaka, wala lisitumwe kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, kwa sababu huko hubanwa na kupoteza ubora.

Ipo milio isiyoweza kutusubiri. Karabai ya wavuvi wa dagaa, kwa mfano, ina sauti yake: pampu inasukumwa kwa mikupuo mifupi, mafuta ya taa yanakohoa kidogo, kisha unafuata mvumo mwembamba usiokatika hadi alfajiri. Taa za sola zinazochukua nafasi yake hazina mlio wowote. Kadhalika, tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kishindo cha mlango wa kivuko ukishushwa hapo nacho kinageuka kumbukumbu, na nani amekihifadhi?

Tahadhari moja ni ya lazima. Sokoni hapakosi spika inayopiga muziki, na wimbo ulioingia kwenye rekodi yako una mwenyewe chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Huwezi kugawa bure kisicho chako. Mazungumzo ya watu nayo yaombewe ridhaa. Mlio ulio safi utolewe kwa leseni ya CC0, ambayo mtoaji huachia haki zake zote, au ile inayodai jina lake litajwe, akipenda.

Naviomba vituo vya redio vya Kanda ya Ziwa, ambavyo tayari vina mafundi na vinasa sauti vizuri kuliko simu zetu, vianze kwa kutoa kwa umma milio isiyo na muziki wala mazungumzo inayobaki kwenye kompyuta zao baada ya vipindi kukamilika, kila mmoja ukiandikiwa mahali, mwezi na kifaa kilichotumika.

Msikilizaji wa tamthilia,
Kirumba, Mwanza