Nyumbu wa Serengeti waliokolewa na chanjo ya ng'ombe, mbona hatuambiwi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Kila mwaka nyumbu wakianza kuvuka mto Mara mnatuwekea picha za mamba na magari ya watalii yamejazana ukingoni, alafu mnamalizia na idadi ya watalii na dola zilizoingia, basi. Mi binafsi sijawahi kusoma kwenye gazeti la Kiswahili hawa nyumbu walifikaje kuwa wengi hivi, na jibu lipo, kuna mtu kalifanyia kazi karibu maisha yake yote, anaitwa Anthony Sinclair, wenzake wanamwita Tony.

Huyu mzee alizaliwa Zambia enzi za mkoloni akakulia hapa hapa Tanzania, Serengeti akaingia 1965 akiwa bado mwanafunzi wa Oxford, baadae akawa profesa chuo kikuu cha British Columbia kule Kanada lakini utafiti akaendelea kuufanyia huku huku. Alianza na nyati. Walipokuwa wanahesabu ikaonekana nyati wanaongezeka tu, na nyumbu nao hivyo hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 60 walikuwa kama 250,000 na kufikia 1977 wamepita milioni 1.3. Sasa kwanini?

Nafundisha baiolojia sekondari huku Mugumu, hilo swali huwa nawauliza wanafunzi na wengi wananiambia simba walipungua, au majangili walikamatwa. Ila jibu liko kwenye damu. Damu ya nyumbu na nyati wa zamani ilikuwa na alama kwamba waliugua sotoka, ya waliozaliwa kuanzia katikati ya miaka ya 60 haina kitu. Sotoka ndo ule ugonjwa ulioingia na ng'ombe miaka ya 1890 ukamaliza mifugo, Wamaasai kipindi kile wanakiita Emutai, na babu yangu alikuwa anatusimulia alivyohadithiwa na baba yake, boma zima linabaki na mizoga. Ng'ombe wa wafugaji wanaozunguka hifadhi walipochanjwa, ugonjwa ukakatika na kwa wanyama pori, ambao wao hakuna aliyewachoma sindano hata mmoja! Na ushahidi ulionifurahisha zaidi ni pundamilia, yeye sotoka haimpati, na kweli idadi yake ilibaki pale pale miaka yote hiyo nyumbu wanafurika.

Haikuishia hapo. Nyumbu wakiwa wengi nyasi zinaliwa, nyasi zikiliwa moto wa kiangazi unakosa cha kuunguza, moto ukipungua miche ya miti inapata nafasi ya kukua, kwahiyo ile miti mnayoiona leo sehemu ambazo zamani zilikuwa wazi inahusiana na sindano aliyochomwa ng'ombe wa mfugaji. Mi nilipoelewa hili nilikaa kimya kwa muda.

Na jamani kuna Mtanzania hapa katikati, Dk. Simon Mduma, alisoma kwa Sinclair, 1999 wakatoa na mwenzao utafiti wa kumbukumbu za miaka 40 unaoonyesha kinachowazuia nyumbu wasiendelee kuongezeka ni chakula cha kiangazi, sio simba. Kujua mnyama kafa njaa walikuwa wanavunja mfupa wanaangalia uboho, mwenye afya uboho wake mweupe umejaa mafuta, wa njaa umebaki kama maji maji. Mduma akaja kuwa mkurugenzi mkuu wa TAWIRI, ile taasisi ya utafiti wa wanyamapori Tanzania. Nikiwauliza wanafunzi wangu wanitajie mwanasayansi wa Kitanzania, hakuna anayemtaja, na siwalaumu, wangemjulia wapi?

Nimeandika haya sababu ya barabara. 2010 serikali ilipotaka kupitisha barabara kaskazini mwa hifadhi, Sinclair na wanasayansi wenzake waliandika kwenye jarida la Nature kupinga, wakieleza msafara wa nyumbu ukikatwa watapungua sana, na nyasi na moto vitabadilika tena. 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha ikazuia lami kupita mle ndani. Mimi wakati huo nilikuwa upande wa barabara, kama watu wengi wa huku, maana sisi ndo tunajua kumkimbiza mgonjwa kwenye vumbi na makorongo ni kitu gani. Nikaona wazungu wanapenda nyumbu kuliko sisi. Hakuna aliyekuja kutueleza kwa lugha yetu, yale makala nimeyasoma miaka mingi baadae kwa Kiingereza na kamusi pembeni. Barabara bado nataka ila ipite kusini nje ya hifadhi, na hilo nisingelisema 2010.

Watu wanapima mwanasayansi kwa wingi wa makala na kunukuliwa, na Sinclair hivyo vyote anavyo, ila mfugaji wa hapa ambaye ng'ombe wake walichanjwa hajui kwamba alishiriki kuleta nyumbu milioni moja.

Mhariri, mtafuteni Dk. Mduma, tafuteni na vijana wa TAWIRI wanaofanya hesabu za sasa hivi, wapeni ukurasa mzima waeleze kwa Kiswahili. Nitanunua nakala mbili, moja nibandike ukuta wa kidato cha tatu na nyingine niipeleke mnadani kwa wafugaji.

Wako,
Mwalimu wa baiolojia, Mugumu, Serengeti