Malalamiko kuhusu matengenezo ya mashine ya kufulia yaliyofanywa nyumbani kwangu Mtwara

Shangani,
Mtwara.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Makao Makuu,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MATENGENEZO YASIYORIDHISHA NA YA HATARI YA MASHINE YA KUFULIA ILIYO NDANI YA WARANTI

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wenu niliyenunua mashine ya kufulia ya kilo nane, yenye mlango wa mbele, katika duka la wakala wenu hapa Mtwara mjini, nikapewa risiti ya EFD pamoja na kadi ya waranti ya miaka miwili ambayo hadi leo haijamaliza hata mwaka wake wa kwanza. Ninalalamikia kazi ya fundi mliyemtuma nyumbani kwangu, kazi iliyoniachia ubovu ule ule, gharama ya bodi (sakiti ya umeme inayoongoza mashine) ambayo haikuhitajika na, jambo linalonitia hofu kuliko yote, mashine iliyoanza kupiga shoti baada ya kutengenezwa.

Ubovu wenyewe ulikuwa wa wazi. Mashine iliingiza maji na kufua vizuri, lakini ilipofika hatua ya kutoa maji ilisimama, ikalia, na mlango ukagoma kufunguka kwa kuwa ndani kumejaa maji. Kabla ya kuwapigia simu nilifuata maelekezo ya kijitabu chenu hatua kwa hatua: nilichomoa plagi, nikafungua kidirisha kidogo cha chini, nikakinga maji kwa beseni, nikasafisha chujio, kisha nikahakikisha kwamba bomba la kutolea maji halijajikunja na kwamba ncha yake ipo katika kimo kilichoelekezwa, yaani kati ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni. Mashine haikubadilika. Maelezo hayo yote niliyatoa kwa simu kwa mhudumu wenu, naye akanihakikishia kuwa ameyaandika, lakini fundi alipofika hakuwa na habari nayo hata kidogo.

Fundi huyo aliwasha mashine, akaisikiliza, akafungua mfuniko wa juu na kuamua papo hapo kwamba bodi imeungua kwa sababu ya umeme wa Mtwara. Hakuwa na mita ya kupimia. Hakugusa pampu, ambayo ndiyo kifaa cha kwanza ambacho mtu yeyote angekishuku pale mashine inapofanya kila kitu isipokuwa kutoa maji. Alirudi baadaye na bodi mpya, akaifunga, akanitoza Sh 310,000 pamoja na nauli yake, akisema kwamba waranti haihusiki na madhara ya umeme. Niliilipa fedha hiyo kwa sababu nyumbani ninamuuguza mama yangu mzazi ambaye hawezi kutoka kitandani, na shuka zake hazisubiri. Kwa ajili yake ndiyo maana niliinunua mashine hii, tena kwa fedha niliyoidunduliza kwa muda mrefu. Jioni ya siku hiyo hiyo mashine ilisimama tena palepale, na maji yakiwa ndani.

Kuhusu umeme, sitabisha kwamba huku kwetu hukatika na kurudi, na kila mwenye jokofu Mtwara anajua hivyo. Ndiyo maana mashine yangu imeunganishwa kupitia stabilaiza, kifaa cha kusawazisha umeme, na vifaa vingine vilivyo kwenye laini hiyo hiyo ni vizima. Lakini hata pasingekuwa na stabilaiza, anayedai kwamba umeme umeunguza bodi anapaswa kuonyesha palipoungua. Umeme ukizidi, mara nyingi kinachotangulia kuumia ni fyuzi na varista, kile kidude kidogo cha duara kilichowekwa kwenye njia ya kuingilia umeme ili kife chenyewe na kuinusuru bodi, nacho kikifa hupasuka au huacha weusi unaoonekana kwa macho. Bodi ya zamani ninayo, kwa kuwa nilikataa ichukuliwe. Fyuzi yake ni nzima, varista yake haina ufa, na hakuna sehemu yoyote yenye alama ya moto. Naomba mtaalamu wenu aipime mwenyewe.

Baada ya hapo nilimwita fundi wa hapa mjini ili nipate maoni mengine. Najua kadi yenu inasema kwamba mashine ikifunguliwa na mtu asiye wa kampuni waranti hufutika, kwa hiyo nieleze mapema: stika ya waranti ilikuwa imekwisha kukatwa na fundi wenu, na huyu wa pili hakubadilisha kifaa chochote. Alichomoa waya mbili za pampu na kuweka mita. Pampu nzima ya kutolea maji inayotumia volti 230 kwa kawaida husoma zaidi ya ohm 100, ilhali yangu haikusoma kitu, maana yake waya wa ndani ya koili umekatika na pampu hiyo haiwezi kuzunguka hata ukiipelekea umeme kutoka kwenye bodi mpya kabisa. Kipimo hicho kilichukua muda mfupi kuliko muda ambao fundi wenu aliutumia kufungua mfuniko. Koili iliyokatika ndani ya mashine isiyotimiza mwaka ni ubovu wa kifaa, na ubovu wa kifaa ndio hasa unaolindwa na waranti mliyoniuzia.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naomba lisichukuliwe kuwa dogo. Siku chache baada ya matengenezo yenu, binti anayetusaidia kazi za nyumbani aligusa ubavu wa mashine akiwa amesimama peku kwenye sakafu yenye maji, akapigwa na umeme. Mungu alimnusuru. Fundi wa pili alipofungua nyuma alikuta waya wa ethi, ule wa kijani wenye mstari wa njano, umeachwa ukining'inia bila kufungwa kwenye umbo la chuma la mashine. Nilipiga picha kabla haujarudishwa, na picha hizo nimeziambatanisha pamoja na nakala ya risiti na ya kadi ya waranti. Waya huo upo ili umeme ukivuja upite ardhini badala ya kupita kwenye mwili wa mtu, na katika mashine inayofanya kazi na maji hakuna udhuru wowote wa kuuacha wazi. Sijui nyumba ngapi nyingine fundi huyo amezipitia, na nawasihi mzifuatilie.

Nilipowapigia simu mara ya mwisho niliambiwa niisafirishe mashine hadi karakana yenu Dar es Salaam kwa gharama zangu. Huo ni mwendo wa kilomita zaidi ya 550, na mashine ya aina hii ikisafirishwa bila bolti za kushikilia pipa, shokapu na springi zake huumia njiani. Yote hayo ni kwa ajili ya pampu inayobadilishwa nyumbani kwa bisibisi. Mlipokubali kuuza bidhaa zenu Mtwara mlikubali pia kuihudumia Mtwara, na kadi yangu ya waranti haisemi popote kwamba inaishia Dar es Salaam.

Kwa hiyo naomba mlete pampu mpya na fundi mwenye vipimo hapa nyumbani bila malipo, naye aikague mashine yote, hasa ethi na viungo vya waya, na kuniachia taarifa ya maandishi yenye sahihi. Naomba pia nirudishiwe Sh 310,000 na nauli niliyotozwa, bodi yenu mkiichukua na ile ya zamani ikirudishwa mahali pake baada ya kupimwa, na kwamba muda ambao mashine imekaa bila kufanya kazi uongezwe kwenye waranti. Tukio la binti kupigwa na umeme nataka lijibiwe kwa maandishi na mtu mwenye dhamana ya usalama, si kwa simu.

Nitasubiri majibu yenu kwa siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii. Nisipoyapata, nitapeleka lalamiko hili pamoja na vielelezo vyake kwenye Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ambayo inamlinda pia mlaji. Kwa sasa mashine nimeichomoa kwenye umeme na nimekataza mtu yeyote kuigusa. Fundi wenu anaweza kuja siku yoyote ya kazi, mradi anitaarifu siku moja kabla.

Wenu mteja,

(Sahihi)