Barua kwa mwanangu aliye Kampala, kuhusu kijana aliyerithi kiti cha Mutesa

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipokea, na nimeisoma mara mbili: mara ya kwanza kwa furaha ya kusikia kwamba u mzima na masomo yanakwenda vizuri, na mara ya pili kwa ajili ya lile swali uliloliandika pembeni mwa ukurasa wa mwisho. Unasema tarehe 3 Juni ulitembea kwa miguu pamoja na wanachuo wenzako hadi Namugongo, wanakokumbukwa wafiadini wa Uganda, na huko ukamsikia Mwanga, Kabaka (yaani mfalme) wa Buganda wa zamani, akitajwa kuwa mtu katili asiye na chembe ya huruma. Wiki iliyofuata rafiki yako Mganda akakupeleka kwao, na babu yake akakueleza kwa uchungu kwamba Mwanga alikuwa mfalme aliyekataa kutawaliwa na wageni, na kwamba waliomshinda ndio waliolichafua jina lake. Unaniuliza umwamini nani. Sikuharakisha kukujibu, kwa sababu unajua kwamba nimekulia Bukumbi, huku kusini mwa Ziwa Victoria, na kwa sisi wa Bukumbi Mwanga si habari ya ng'ambo ya ziwa. Ukinivumilia hadi mwisho utaona ni kwa nini.

Kwanza uuweke umri wake mbele ya macho yako. Mutesa, baba yake, alifariki mwezi Oktoba 1884, na Mwanga akaketi kwenye kiti cha ufalme akiwa na miaka kama 16. Wewe ulipokuwa na umri huo bado nilikuwa nakukumbusha kufua sare zako Jumapili jioni. Baba yake alikuwa ametawala kwa karibu miaka 28, na katika muda huo alikuwa ameimudu kazi ngumu ya kuwakaribisha wageni wote barazani bila kumpa hata mmoja wao ufunguo wa nyumba: wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliotoka Unguja, watu wa Misri waliokuwa wakinyemelea kutoka kaskazini, Waprotestanti wa Kiingereza waliofika 1877, na mapadre wa Kifaransa waliofika 1879. Mutesa alijifunza Kiswahili na Kiarabu, akawasikiliza wote, akawaacha wabishane mbele yake, akabaki kuwa yeye mwenye neno la mwisho. Mwanga alilirithi baraza lile likiwa limejaa watu, lakini stadi ya kuliendesha hairithiwi.

Naye hakuanza kama mtu mbaya. Desturi ya kale ilimruhusu mfalme mpya kuwaondoa ndugu zake wa kiume wasije wakamgeuka, na Mwanga aliwaacha hai. Alipokuwa bado mwana wa mfalme aliwazoea wamisionari, na alipopata madaraka aliwatumia ujumbe mapadre wa Kifaransa, waliokuwa wameondoka Buganda mwaka 1882 na kuja kusini ya ziwa, warudi kwake. Naye Padre Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, akarudi mwaka 1885. Wale vijana walioshika dini mpya, walioitwa Wasomaji kwa kuwa dini ile iliingia pamoja na vitabu, aliwaweka karibu naye katika kasri. Alipenda akili zao na uchangamfu wao. Nadhani alifurahi kuwa na watu wa rika lake katika nyumba iliyojaa wazee wa baba yake.

Lakini katika mwaka huohuo, tarehe 31 Januari, miezi mitatu na ushei tu baada ya kutawazwa kwake, vijana watatu wa misheni ya Kiingereza waliuawa kwa kuchomwa moto: Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, ambaye alikuwa bado mtoto. Kwa hiyo usije ukafikiri kwamba palikuwa na Mwanga mwema wa mwanzo na Mwanga mbaya aliyekuja baadaye. Walikuwa pamoja tangu mwaka wa kwanza, wakila sahani moja.

Hofu yake ilikuwa na msingi, na hapo yule babu wa rafiki yako amesema kweli. Mwaka 1885 habari zilifika Mengo, makao ya mfalme, kwamba Wajerumani wanajitwalia nchi za bara, na mwezi Agosti manowari zao zilitia nanga Unguja na kumlazimisha Sultani Barghash akubali. Kama Sultani, ambaye kwa watu wa bara alikuwa mkubwa wa pwani yote, ameshikwa shingo namna ile, kijana wa miaka 17 kule juu ya ziwa angetegemea nini? Waganda walikuwa pia na maneno ya zamani kwamba atakayeila Buganda atatokea mashariki, upande wa Busoga. Ndipo Askofu James Hannington, Mwingereza aliyekuwa akienda Buganda na ambaye hakuyajua hayo, akaamua kupita njia ya mashariki badala ya ile iliyozoeleka ya kusini. Alizuiliwa Busoga siku nane, na tarehe 29 Oktoba 1885 akauawa kwa amri ya Mwanga, pamoja na wengi wa wapagazi wake waliotoka naye pwani. Wapagazi hao hawakuwa wameishika nchi ya mtu. Walikuwa wamebeba mizigo ya mwingine. Huwa nasikitika kwamba majina yao hayatajwi.

Kijana aliyethubutu kumwonya mfalme juu ya jambo hilo ni Yosefu Mukasa Balikuddembe, mkubwa wa watumishi wa ndani. Alimwambia kwamba baba yake hakuwahi kumwua mgeni namna hiyo. Hakusema hayo kwa kumdharau, kwa maana alikuwa mtumishi mwaminifu wa kasri lile tangu siku za Mutesa. Tarehe 15 Novemba akauawa.

Hapa, mwanangu, naomba nikukumbushe jambo letu wenyewe. Ulipokuwa na miaka minane uliingia mtumbwini pamoja na watoto wa wavuvi bila kuaga, upepo ukageuka, jua likazama, nami nikasimama pale mwaloni nikiuliza kila mtu aliyepita. Ulipotokea gizani, umelowa chapachapa, umeshika sato wawili waliotungwa kwenye ukambaa, nilikuchapa kabla sijakukumbatia. Ulilia, na wale samaki wakaanguka mchangani, na jirani yetu, mama mtu mzima, akanishika mkono akaniambia, "Basi, mama, mtoto amerudi." Ziwa ndilo lililonitisha, ila ziwa sikuweza kulichapa; wewe ndiye uliyekuwa karibu. Sijawahi kukuomba radhi kwa siku ile, nami nakuomba leo.

Tangu hapo, kila nikimfikiria Mwanga, nayafikiria masafa. Manowari za Wajerumani zilikuwa mbali, mwendo wa miezi. Balikuddembe alikuwa mlangoni pake. Tena yule jirani yangu wa mwaloni hakuwa na mwenzake katika kasri lile. Aliyekuwapo ni Katikiro Mukasa, mzee aliyekuwa waziri mkuu tangu enzi za Mutesa, ambaye aliwaona vijana Wasomaji kuwa washindani wake, na ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kuuzuia mkono wa mfalme. Mtu mwenye hofu anahitaji wa kumshika mkono, naye Mwanga alimwua yule aliyejaribu kumshika.

Mwaka uliofuata mambo yakazidi. Februari 1886 moto uliteketeza nyumba za kasri, baruti ikalipuka, na mfalme akaona dalili za mabaya kila upande. Alihamia Munyonyo kando ya ziwa. Siku moja mwezi Mei alirudi kutoka kuwinda viboko, hakupata kitu, akakuta watumishi aliowahitaji hawapo. Akakutana na Mwafu, mwana wa Katikiro, akajua kwamba alikuwa akifundishwa dini na kijana aitwaye Denis Ssebuggwawo. Akamchoma Ssebuggwawo mkuki kwa mkono wake mwenyewe. Wamisionari waliandika pia kwamba vijana hao walimkatalia mfalme matakwa yake ya mwili, na kwamba kukataa huko kulimwuma sana, maana katika Buganda ya wakati ule mtumishi kumkatalia Kabaka jambo lolote kulikuwa sawa na kuuvunja ufalme. Tarehe 3 Juni Charles Lwanga, mmoja wa vijana Wasomaji wa kasri, na wenzake wakachomwa Namugongo, mahali pale ulipokanyaga.

Sijui kama pale walikueleza habari za Mbaga Tuzinde. Alikuwa mtoto wa kulelewa wa Mukajanga, mkuu wa wauaji wa mfalme. Mukajanga alimsihi aikane dini, au walau akubali afichwe, na kijana akakataa. Alichoweza kumfanyia baba huyo ni kumpunguzia mateso tu: akaagiza apigwe pigo la shingo afe kwanza, ndipo mwili utiwe motoni. Mimi kama mzazi hapo ndipo ninaposhindwa kuendelea kusoma. Hofu ya mfalme mmoja kijana ilishuka ngazi kwa ngazi hadi ikamfikia baba, ikamkuta ameshika kazi ya kumwua mwanawe.

Sasa usikie yaliyofuata, kwa maana wengi husimama Namugongo na kudhani habari imekwisha. Mwanga hakuwafukuza Wasomaji waliobaki. Aliwapa bunduki. Aliunda vikosi vipya vya vijana, akawaweka Wakristo na Waislamu kuwa wakuu wake, ili awe na nguvu mbele ya wazee wa baba yake. Mmoja wao ni Apolo Kagwa, ambaye mfalme alikuwa amempiga na kumjeruhi mwaka 1886. Mwingine ni Honorat Nyonyintono, ambaye kwa amri ya mfalme huyohuyo alikuwa amehasiwa. Hebu fikiri: mtu umemtenda hivyo, kisha unamkabidhi silaha uulinde usalama wako. Wengine huita huo wazimu. Mimi naona ni yule kijana wa miaka 16 aliyekuwa bado anawapenda wenzake na kuwategemea, asiyejua kwamba alichowafanyia hakiwezi kusahaulika kwa kupewa cheo. Wakati huohuo aliwalazimisha wakuu wa nchi kuchimba ziwa karibu na Mengo, lile mnaloliita Ziwa la Kabaka, ili apate njia ya maji ya kukimbilia siku ya hatari. Wazee wakachoka kwa udongo na faini, wakamchukia.

Hatimaye akawaogopa na wale aliowapa bunduki. Mwezi Septemba 1888 alipanga kuwapeleka Wasomaji wote, Wakristo kwa Waislamu, kwenye kisiwa ziwani awaache huko wafe kwa njaa. Siri ikavuja, wakaungana, wakamwondoa. Waliomrithi mmoja baada ya mwingine, Kiweewa na Kalema, ni wale ndugu zake ambao hakuwaua.

Alikimbia kwa mtumbwi na vijana wachache, akavuka ziwa, akatua Magu, akawa mikononi mwa wafanyabiashara Waarabu waliomnyang'anya karibu kila alichokuwa nacho. Mwisho wa mwaka akafika kwetu Bukumbi, katika misheni ya mapadre wa Kifaransa, ambako Mapera naye alikuwa amefika baada ya kufukuzwa Buganda. Alikuwa na miaka kama 20. Wale mapadre walikuwa wamewafundisha na kuwabatiza baadhi ya vijana aliowachoma. Walimpokea, wakampa mahali pa kulala na chakula. Nilipokuwa msichana nikienda kanisani pale, nilikuwa nikiwaza jioni ile ya kwanza, Mapera na Mwanga wakitazamana, ni nani aliyeinamisha macho.

Alirudishwa kwenye kiti mwaka 1889, kwa nguvu ya Wakristo wale wale. Mwaka 1890 alitia saini mkataba na Lugard, mjumbe wa kampuni ya Waingereza, bila kupenda, na mwezi Julai 1897 akatoroka Mengo usiku kwenda kuwapiga Waingereza. Akashindwa, wakamvua ufalme, wakamtawaza mwanawe Daudi Chwa, mtoto wa mwaka mmoja. Mwaka 1899 alikamatwa pamoja na Kabalega, mfalme wa Bunyoro, ambaye kabla ya hapo alikuwa adui yake, wakapelekwa uhamishoni Shelisheli. Huko alibatizwa kwa jina la Danieri, akafa tarehe 8 Mei 1903 akiwa na miaka kama 35, na mwaka 1910 mwili wake ukarudishwa kuzikwa Kasubi, kwenye makaburi ya wafalme.

Kwa hiyo nakujibu: mwamini yule babu kuhusu wageni, na uwaamini watu wa Namugongo kuhusu moto. Usimkubalie mtu yeyote akwambie kwamba kweli moja inaifuta nyingine. Wajerumani na Waingereza walikuwa wanakuja kweli, na Lugalama alikuwa mtoto kweli. Mimi Mwanga namhurumia, na huruma hiyo hainipunguzii hata kidogo uchungu nilio nao kwa ajili ya Mbaga.

Ukipata Jumamosi yenye nafasi, mwombe rafiki yako akupeleke kwenye Ziwa la Kabaka. Ule mfereji wa kulifikisha kwenye ziwa kubwa haukukamilika, na mwaka 1888 mfalme alilazimika kutafuta mtumbwi penginepo kama mtu mwingine yeyote. Keti ukingoni, utazame upande wa kusini, ndiko tuliko sisi, kisha uniandikie ulichokiona. Baba yako anakusalimu, na wadogo zako wanauliza utakuja lini. Sato nitakukaangia mwenyewe.

Ni mimi mama yako,
Mwanza