Barua ya wazi kwa nyie mnaosema mtoto ana kichwa kigumu cha hesabu

Wanangu wazazi, marahaba, hata kwa wale ambao hamjaniamkia.

Nimeshika chaki miaka mingi, saivi nimestaafu lakini bado naletewa watoto, na kila mzazi anakuja na neno lile lile, mwalimu huyu kwenye hesabu hamna kitu. Juzi kaletwa mmoja wa darasa la sita, nikamwandikia 52 toa 27, akaandika 35. Mama yake pembeni ameshaguna. Nikamuuliza mtoto, umeipataje? Akasema 2 toa 7 haitoki kwa hiyo nimegeuza, 7 toa 2 ni 5, halafu 5 toa 2 ni 3.

Mnaona sasa? Huyo hajabahatisha, ana kanuni yake na anaifuata vizuri tu, ila kanuni yenyewe mbovu, na imetokea kwenye makumi na mamoja ambayo hayakumwingia tangu darasa la pili huko. Nyie mnamlipia tuisheni ya darasa la sita! Hesabu inadai madeni ya nyuma jamani, sehemu zinataka ujue kugawanya, asilimia inataka ujue sehemu, aljebra ikija inataka vyote kwa mpigo.

Hizo sehemu ndo balaa. Mtoto anajumlisha 1/2 na 1/3 anapata 2/5, juu kajumlisha na juu, chini na chini, maana hiyo "tafuta asili inayolingana", yaani namba za chini zifanane kwanza, kaimbishwa tu kama kasuku. Usimwambie amekosa. Mpe vipande viwili vya karatasi vya urefu mmoja, kimoja akunje kitoke mafungu mawili sawa, kingine mafungu matano sawa, alinganishe nusu na hiyo 2/5 yake. Ataona jibu lake ni dogo kuliko nusu aliyoanza nayo, sasa muulize, umeongeza kitu kikapungua vipi? Hapo atanyamaza, na nyie mnyamaze pia, msimrukie na 5/6 yenu.

Halafu hii midomo. "Hata mi hesabu zilinishinda, ni ukoo wetu", unasema unacheka, mwenzio keshajua kumbe hana haja ya kuhangaika. Na ile ya kumsimamisha mtoto, saba mara nane ngapi, haraka haraka! Mtu akiogopa, ile nafasi kichwani ya kushikilia namba inajaa woga, hata alichokuwa anakijua kinapotea. Nawaambia kwa sababu nimeyafanya mwenyewe, kulikuwa na mtoto anaomba ruhusa ya chooni kila kipindi changu, mi nikadhani ni tumbo, yaani muhula mzima nadhani ni tumbo.

Wapo wachache wenye diskalkulia, namba zenyewe ndo hazishikiki kichwani kwao, hao watafutieni mtaalamu, viboko havimsaidii hata mmoja.

Kwa waliobaki, leo usiku chukua daftari, chagua swali moja lenye kosa, sio yote, muulize hii umeipataje, halafu funga mdomo mpaka amalize. Na kama na wewe hulijui hilo swali mwambie hulijui, vuta kiti mkae nalo wote wawili.