Fedha za zahanati zihesabu na bahari

Mhariri,

Tangu Sheria ya Afya ya Msingi ya mwaka 2023 itiwe saini hapa Kenya, viongozi hutukumbusha kwamba matibabu katika zahanati na vituo vya afya ni bure kwa kila aliyejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, na kwamba gharama hulipwa na Hazina ya Afya ya Msingi, ambayo hupata fedha zake kutoka kwa kodi zinazoidhinishwa na Bunge. Wengi wetu bado huichanganya hazina hii na ile ya bima, inayokata asilimia 2.75 ya mshahara. Hizo ni hazina mbili mbalimbali, na zahanati ya kijijini hutegemea ile ya kwanza.

Kinachonitia shaka ni kipimo cha malipo. Fedha zikifuata idadi ya watu waliohudumiwa, zahanati ya visiwa vya Lamu kama Ndau au Kiwayu, yenye wakazi wachache, haiwezi kupata sawa na kituo cha mjini, ilhali gharama zake ni kubwa zaidi. Dawa huletwa kwa boti, chanjo lazima zifike zikiwa baridi, na mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa usiku, akihitaji upasuaji, hana gari la wagonjwa la kumpitisha baharini hadi kisiwani Amu, penye mji wa Lamu. Jamaa zake ndio hutafuta nahodha na kuchangishana fedha za petroli, na miezi ya kusi, bahari ikichafuka, hata mwenye fedha mkononi huenda akakosa wa kumvusha. Huduma iliyoitwa bure huwa imeshalipiwa kabla mgonjwa hajafika kwa daktari.

Ipo pia sheria nyingine ya mwaka huo huo inayoruhusu vituo vya afya vya umma kubaki na mapato yao. Hospitali kubwa zitafaidika nayo, sina ubishi. Lakini ada katika zahanati na vituo vya afya zilifutwa Juni 2013, kwa hivyo zahanati inaruhusiwa kubaki na mapato ambayo haiyakusanyi. Malipo ya hazina yakichelewa, muuguzi hana akiba ya kununua hata glavu.

Wahudumu wa afya ya jamii nao hupewa posho ya Sh5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Kwa anayezunguka mtaa mmoja kwa miguu, huenda ikatosha kwa shida; anayevuka maji kuifikia nyumba ya pili huimaliza njiani.

Sidai upendeleo mpya. Ibara ya 204 ya Katiba imeunda Hazina ya Usawazishaji kwa maeneo yaliyoachwa nyuma, na vituo vya afya vimetajwa humo waziwazi. Lamu ilikuwa miongoni mwa kaunti 14 za mwanzo kutambuliwa. Basi kanuni hiyo hiyo iingizwe katika viwango vya malipo ya zahanati za visiwani, na kaunti itenge fungu la mafuta na matengenezo ya boti za wagonjwa, lisiloweza kuhamishiwa safari za maafisa. Makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, baada ya wananchi kusikilizwa. Ningependa wawakilishi wadi wetu watuonyeshe fungu hilo, kwa tarakimu, kabla ya kuyapitisha.

Mkazi wa Faza,
Kaunti ya Lamu