Kabla ya kuchanganya ethanoli, tukaushe matangi

Ndugu Mhariri,

Mjadala wa kuchanganya petroli na ethanoli, yaani alkoholi, ya viwanda vyetu vya sukari hapa Uganda umejaa hesabu za miwa na fedha za kigeni. Ni hesabu muhimu. Januari 2022, malori ya mafuta yalipokwama Malaba, mpakani na Kenya, kwa mgomo wa madereva, kuna sehemu lita moja ya petroli ilifika shilingi 10,000 na kupita. Sheria ya nishati ya mimea ya mwaka 2020 nayo imeshafungua njia. Ila tunaotengeneza pikipiki na magari tunaona jambo moja halizungumzwi ipasavyo: maji.

Petroli tupu na maji havichanganyiki. Mvua ikipenya kwenye mfuniko wa tangi la sheli, maji yanatuama chini kabisa, chini ya mdomo wa bomba linalofyonza, na yanaweza kukaa hapo miaka mteja asijue. Mimina mafuta yenye ethanoli juu yake, mambo yanageuka. Ethanoli inayavuta yale maji. Yakiwa kidogo, inayabeba mpaka kwenye injini na hakuna kinachoharibika. Yakizidi, ethanoli inaiacha petroli na kuzama pamoja na maji.

Kwa mchanganyiko wenye ethanoli asilimia 10, kwenye nyuzi 20 hivi, mpaka ni kama nusu ya asilimia moja ya maji. Tangi la boda lenye lita 10 linaharibiwa na mililita 50, yaani vijiko vikubwa vitatu na ushee. Baridi ya usiku wa Kabale inaushusha mpaka huo zaidi. Kilichozama ndicho kinachofyonzwa kwanza, pikipiki inazima barabarani. Petroli iliyobaki juu nayo imepungukiwa oktani, yaani uwezo wa kuzuia injini isigonge, kwa hiyo injini inagonga.

Kwa hiyo kila tangi la sheli linyonywe maji na kusafishwa kabla ya shehena ya kwanza, na mipira ya mifuniko ibadilishwe. Wapimaji wajue pia kwamba dawa ya kawaida inayopakwa kwenye fimbo ya kupimia maji inaweza isionyeshe tabaka la maji yaliyochanganyika na ethanoli. Iko dawa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, iwe sharti.

Kiwandani, mtambo wa kawaida wa kutonesha, yaani kuchemsha na kukusanya mvuke, unaishia kwenye ethanoli ya asilimia 95 au 96. Maji yaliyobaki yanaondolewa kwa chembe za zeolaiti, madini yanayonasa maji, mpaka ethanoli ifike angalau asilimia 99.5. Isiyofika hapo isiingie kwenye petroli. Na anayefikiria kujaribu kwa waragi, pombe kali yetu, aelewe kwamba zaidi ya nusu ya chupa ni maji.

Mwenye sheli anaweza kupima mwenyewe. Chukua silinda ya kioo ya mililita 100, tia maji 10, jazia mafuta mpaka 100, ziba, tikisa, acha itulie. Petroli tupu itaacha maji palepale kwenye 10. Yenye ethanoli asilimia 10 itayapandisha hadi karibu 18 au 19. Yakipita hapo sana, kuna aliyezidisha.

Kwa waendesha boda: ethanoli inang'oa uchafu wa zamani tangini, kwa hiyo jeti za kabureta, yaani vitundu vya kupitishia mafuta, na chujio huziba mwanzoni. Badilisha chujio baada ya kujaza mara mbili. Kagua mpira wa mafuta. Ukivimba au kulainika, tafuta unaostahimili ethanoli. Plagi ikitoka nyeupe na injini ikichemka, hewa imezidi mafuta: rekebisha kabureta. Kwa asilimia 10 pikipiki nyingi hazihitaji jeti kubwa. Tangi la chuma lisikae nusu kwa wiki nyingi, litapata kutu.

Jambo la mwisho ni haki ya mteja. Lita ya ethanoli ina nguvu pungufu kwa karibu theluthi ukilinganisha na petroli, hivyo mchanganyiko wa asilimia 10 unapunguza umbali unaokwenda kwa lita moja kwa takriban asilimia 3. Mwenye boda anayeishi kwa lita mbili tatu kwa siku ataihisi tofauti hiyo. Bei kwenye pampu ishuke angalau kwa kiasi hicho, na asilimia ya ethanoli iandikwe pale pale, kwa herufi kubwa, karibu na bomba.

Mafundi wa pikipiki na magari,
Jinja